Paul Ehrlich, muganga aliyeuliza dawa inashika wapi

Wakati wa ukame vumbi la mawe ya volkano linapanda barabarani, moshi wa Nyiragongo unashuka, na watu wenye pumu hapa Goma wanaanza kushika kifua. Wengi wanakimbilia dawa inayoitwa salbutamol, ile ya kupuliza mdomoni ambayo mtaani tunaiita tu Ventoline. Dakika chache, njia za hewa zinafunguka. Sasa, mtu huyohuyo akipewa kidonge cha propranolol, ambacho waganga wanaandikia watu wengine kwa ajili ya presha au moyo, njia zake za hewa zinaweza kujifunga na akapata shida kubwa. Ndiyo maana muganga mzuri anauliza kwanza kama una pumu kabla ya kuandika propranolol. Dawa mbili, mwili mmoja, matokeo kinyume kabisa.

Namna gani dawa inajua pa kwenda? Jibu ni kwamba haijui. Ukisha kuimeza inazunguka na damu mwili mzima, kama mtu anayezunguka soko la Virunga akijaribu ufunguo wake kwa kila kufuli anayoikuta. Mahali ufunguo unaingia, pale njo kazi inaanza. Kufuli hizo ni vitu vidogo sana vilivyoko kwenye seli zetu, na wataalamu wanaziita vipokezi, kwa sababu kazi yake ni kupokea. Mwili wenyewe una funguo zake. Mojawapo ni adrenalini, ile inayotushika tukiogopa. Salbutamol inafanana na adrenalini: inaingia katika kufuli na kuizungusha, mlango unafunguka. Propranolol nayo inaingia katika kufuli za jamaa ileile, lakini haizungushi. Inakaa tu humo. Na adrenalini ikija inakuta pamekaliwa, inarudi.

Leo jambo hili mwanafunzi wa shule ya wauguzi anaweza kukueleza. Lakini miaka 120 iliyopita waganga wengi hawakuwa na habari hiyo. Walijua kwamba dawa inafanya kazi, basi. Mmoja wa watu wachache waliong'ang'ania kuuliza inashika wapi, na juu ya nini inashika pale na si pengine, aliitwa Paul Ehrlich. Huyu hakufika Kongo hata siku moja. Hata hivyo wazo lake lilikomaa kwa kupigana na mdudu wa ugonjwa wa usingizi, ugonjwa uliomaliza vijiji kwenye maziwa yetu makubwa, na kuna Waafrika waliolipa masomo hayo kwa macho yao.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen. Wakati ule ulikuwa upande wa Prusia, leo ni Polandi na mji unaitwa Strzelin. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, watu wa maisha ya katikati. Baba aliendesha nyumba ya wageni na kutengeneza pombe kali. Shuleni kijana hakuwa wa ajabu. Mtihani wa kuandika ulimtesa. Kilichomvuta ni rangi.

Tuelewe wakati ule ulivyokuwa. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimeanza kutengeneza rangi mpya za kutia nguo: nyekundu, zambarau, bluu, zote kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Ndugu mmoja wa upande wa mama yake, Karl Weigert, aliyekuwa mtaalamu wa kuchunguza viungo vya wafu, alikuwa amejaribu kutia rangi hizo kwenye vipande vyembamba vya nyama ili avione vizuri chini ya mikroskopu. Paul akashikwa na mchezo huo, na haukumwacha tena. Huko Strasbourg, mwalimu wake Waldeyer alimkuta akiwa na meza iliyojaa madoa ya rangi zote. Vidole vyake vilikuwa vilevile. Watu wanasimulia kwamba muganga mkubwa Robert Koch alipotembelea Breslau alionyeshwa kijana huyo kama fundi hodari wa rangi, na kuambiwa papo hapo kwamba mitihani haitapita kamwe. Alipita, mwaka 1878, huko Leipzig, na kitabu chake cha kumaliza masomo kilihusu nini? Rangi.

Lakini si upendo wa rangi kama mtoto. Ehrlich aliona jambo ambalo wengine walilitazama bila kuliona. Ukitia rangi moja kwenye kipande cha nyama, haishiki kila mahali. Inashika seli hii na kuiacha ile ya jirani. Ukibadilisha rangi, inashika nyingine. Akiwa bado mwanafunzi alikuta kwa njia hiyo aina ya seli ambayo hakuna aliyekuwa ameipa jina, seli zilizojaa chembechembe tele ndani, utafikiri zimeshiba. Hakujua kazi yake. Leo tunajua ndizo zinazomwaga histamini wakati mtu anawashwa na kuvimba kwa aleji, na kile kidonge cha klorofeniramini tunachokipata farmasi kwa muwasho kinafanya kazi kwa kukaa mahali pa histamini ili isipate kiti.

Kitu kingine kilichomkaa moyoni tangu ujana ni habari ya sumu ya risasi, ile metali. Alisoma kwamba mtu aliyekufa kwa sumu hiyo haikutwi nayo sawasawa mwili mzima. Viungo fulani vimekusanya nyingi, vingine kidogo. Basi akaanza kusema kwamba ukitaka kujua dawa au sumu inafanya nini, tafuta kwanza imejishika wapi. Kitu ambacho hakijajishika hakitendi. Hilo ndilo wazo lake lote la maisha. Mengine aliyoyafanya, na ni mengi, yote yalitoka humo.

Aliingia hospitali ya Charité, Berlin. Mwaka 1882 Koch alitangaza kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu, na Ehrlich akatengeneza upesi njia bora ya kumtia rangi mdudu huyo ili aonekane wazi katika makohozi. Njia tunazotumia hadi leo kwenye vituo vya afya vyenye mikroskopu ni watoto wa njia yake. Miaka michache baadaye alikohoa, akachunguza makohozi yake mwenyewe, akamkuta mdudu yuleyule. Mwaka 1888 alikwenda na mke wake Hedwig kupumzika kwenye hewa kavu ya Misri. Alipona. Hiyo njo mara pekee alipokaa kwenye bara letu, na alikaa kama mgonjwa.

Aliporudi hakuwa na kazi, akafungua maabara ndogo ya kwake Berlin, mpaka Koch akamchukua. Mwaka 1891 yeye na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya bluu iitwayo methileni. Sababu ilikuwa nyepesi: rangi hiyo alikuwa ameiona ikimshika vizuri mdudu wa malaria chini ya mikroskopu, basi kama inamshika, labda itamwumiza. Wagonjwa walipata nafuu. Kwinini ilibaki dawa bora, lakini mlango ulikuwa umefunguka: kitu kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya nguo kimepigana na ugonjwa ndani ya mtu.

Miaka iliyofuata aliishughulisha sana na seramu ya difteria, ugonjwa uliokuwa ukinyonga watoto. Hapo tupite haraka, ingawa ndiyo kazi iliyomletea sehemu kubwa ya heshima na, mwaka 1908, tuzo ya Nobel aliyogawana na Metchnikoff. Kwetu muhimu ni kwamba mwaka 1897, akitafuta kueleza namna sumu ya difteria inavyojishika kwenye seli, alisema seli ina mikono midogo pembeni, na sumu inakamatwa na mkono unaofanana nayo kwa umbo. Baada ya miaka michache mikono hiyo aliipa jina la vipokezi.

Hapa kuna jambo ambalo wasifu nyingi zinaliruka. Ehrlich mwenyewe kwanza alikataa kwamba dawa za kawaida zina vipokezi. Aliona dawa nyingi zinaoshwa kwa urahisi kutoka kwenye seli, basi akafikiri hazijashikwa kweli. Aliyemsukuma ni Mwingereza, John Newport Langley wa Cambridge. Langley alichukua kuku, akampa nikotini ya tumbaku, na misuli ikakaza. Akampa kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini, na misuli ikalegea; nikotini haikuweza tena kuikaza kama mwanzo. Alifanya hivyo hata baada ya kukata mshipa wa fahamu na kuungoja ufe, na mambo yakawa yaleyale. Kwa hiyo vita kati ya zile sumu mbili haikuwa kwenye mshipa. Ilikuwa kwenye msuli wenyewe, mahali fulani ambapo zote mbili zinagombania kiti kimoja: moja ikikaa inaamsha, nyingine ikikaa inaziba. Langley aliandika hayo mwaka 1905. Ehrlich alisoma, na baada ya muda akakubali kwamba hata dawa za kawaida zina mahali pao pa kushikia. Si kila mwanasayansi mkubwa anageuka hivyo.

Lakini kilichomshawishi zaidi kilikuwa mbele ya macho yake, ndani ya panya.

Tuje sasa kwetu. Kati ya mwaka 1900 na 1910 ugonjwa wa usingizi ulifagia kingo za ziwa Victoria upande wa Uganda. Zaidi ya watu 200,000 walikufa. Mdudu wake anaitwa tripanosoma, anaogelea katika damu, halafu anaingia kwenye ubongo. Anabebwa na mbung'o, yule nzi tunayemwita tse-tse. Hapa Goma mjini, huku juu kwenye ubaridi, si ugonjwa wa kila siku, lakini waulize wazee wa Maniema au wa upande wa Uele, watakueleza. Katika Kongo ya Leopold na baadaye ya Wabelgiji ulifuata njia za wapagazi na mito, na wakubwa wa serikali wakajenga lazareti ambamo wagonjwa walifungiwa, na kuwapa watu pasi ya muganga bila hiyo mtu asisafiri.

Dawa iliyotegemewa ilikuwa na arseniki ndani, jina lake Atoxyl. Jina hilo maana yake ni kitu kisicho na sumu. Mwaka 1906 Robert Koch, sasa mzee mwenye tuzo ya Nobel, alifika visiwa vya Sese katika ziwa Victoria, akafungua kambi, na wagonjwa wakaja kwa mamia, wengine wakibebwa. Akawachoma sindano za Atoxyl. Mwanzo ulikuwa wa kushangaza: baada ya saa chache wadudu walipotea kwenye damu na kwenye tezi, watu waliolala wakaamka, wakatembea. Habari njema ilitumwa Ulaya. Halafu wadudu wakaanza kurudi. Koch akaongeza kipimo, akazidisha mara mbili. Na hapo wagonjwa wakaanza kusema hawaoni vizuri. Zaidi ya 20 walipofuka moja kwa moja. Arseniki ilikuwa imejishika kwenye mshipa wa jicho. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu vinavyomsifu Koch. Mwaka 1907 alirudi kwake.

Wakati huohuo, huko Frankfurt, Ehrlich alikuwa akisumbuka na tripanosoma walewale. Mwaka 1904, pamoja na Mjapani Kiyoshi Shiga, alikuwa amewaponya panya kwa rangi nyekundu aliyoiita nyekundu ya tripani. Mwaka 1906 mjane tajiri, Franziska Speyer, alimjengea nyumba ya utafiti kwa ukumbusho wa mume wake, na Ehrlich akaijaza wakemia, panya na moshi wa sigara. Alivuta sigara kubwa kama 25 kwa siku na alitembea na sanduku lake kwapani. Karatasi zilijaa kiti na meza mpaka mgeni hakupata pa kukaa. Maagizo ya kazi aliyaandika kwenye vikaratasi vya rangi, kila asubuhi, kwa kila mfanyakazi. Akikosa karatasi aliandika kwenye mkono wa shati. Jioni alisoma hadithi za wapelelezi.

Kwanza alitaka kujua Atoxyl ni kitu gani hasa. Wakemia wote waliamini maelezo ya zamani ya muundo wake. Ehrlich na mwenzake Bertheim walionyesha mwaka 1907 kwamba maelezo hayo ni ya uongo, na kwamba dawa ina mkono ulio wazi ambao unaweza kuunganishwa na vitu vingine. Maana yake ni hii: mtu anaweza kuichonga upya, kama fundi anavyosugua ufunguo kidogokidogo mpaka uingie vizuri. Halafu akaona jambo lingine. Atoxyl ukiitia pamoja na tripanosoma kwenye chupa, haiwaui. Wanaendelea kuogelea. Ndani ya mwili inaua. Kumbe mwili wenyewe unaibadilisha kwanza, na kile kinachotoka katika mabadiliko hayo ndicho kinachomshika mdudu.

Sasa jambo la panya. Wasaidizi wake walimpa panya mgonjwa dawa kidogo, isiyotosha kumaliza wadudu wote. Wadudu wakapungua, wakarudi. Wakampa tena kidogo. Wakarudi tena. Wakatoa damu yake wakamtia panya mwingine, wakaendelea vilevile, panya kwa panya, wiki kwa wiki. Mwisho wakapata ukoo wa tripanosoma ambao hata dawa ikizidishwa mpaka karibu na kumwua panya, wao hawasikii kitu. Na ukoo huo ulibaki hivyo hata ulipohamishwa kwa panya ambao hawajawahi kuonja dawa. Nani kati yetu hajaona mtu akinunua vidonge viwili tu vya antibiotiki farmasi, kwa sababu pesa haitoshi kwa kumi, na kuacha akijisikia nafuu? Ehrlich alikuwa akitengeneza jambo hilo kwa makusudi, ili alitazame.

Aliona nini? Tripanosoma waliozoea arseniki bado waliuawa na rangi. Waliozoea aina moja ya rangi bado waliuawa na arseniki. Kama wadudu wangekuwa tu wamekuwa na nguvu, wangeshinda kila dawa. Hawakushinda kila dawa. Kwa hiyo, alisema, kila jamaa ya dawa ina mahali pake pa kushikia juu ya mdudu, na mdudu anayezoea dawa ni mdudu aliyebadilisha mahali pale pamoja tu. Kufuli moja imeharibiwa. Nyingine ziko palepale. Mwaka 1907 alilitangaza wazo hilo: vipokezi vya dawa, vya kemia, si vya sumu za difteria peke yake. Wazo alilolikataa kwa kuku na misuli, tripanosoma walimfanya alitetee.

Sasa swali gumu likawa hili. Arseniki inamshika mdudu, lakini inashika pia mshipa wa jicho la mgonjwa. Tafuta basi umbo linalomshika mdudu sana na mtu kidogo. Dawa moja aliyoichonga kutoka Atoxyl ilionekana laini zaidi, lakini panya walioipata walianza kuzunguka na kuzunguka bila kusimama, kama wanaocheza. Mishipa yao ya fahamu ilikuwa imeharibika, na binadamu walioipata waliumia macho vilevile. Dawa namba 418 ilikuwa na nguvu zaidi, ikapelekwa kujaribiwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Haikuumaliza ugonjwa. Na hapa sitaki kumpamba Ehrlich. Panya aliwahesabu kwa makini, kila kipimo, kila kifo. Waafrika waliojaribiwa chini ya bendera za kikoloni hawakuwa na namna ya kukataa, na yeye alisoma matokeo kutoka mbali, akiwa na sigara mkononi.

Iliyomfanya awe maarufu dunia nzima haikuwa dawa ya usingizi. Ni namba 606. Ilikuwa imetengenezwa na kuwekwa kando, mpaka mwaka 1909 Mjapani mwingine, Sahachiro Hata, alipoijaribu upya kwa sungura wenye kaswende. Ikawaponya. Mwaka 1910 ilianza kuuzwa kwa jina la Salvarsan, baada ya dozi kama 65,000 kugawiwa bure kwa waganga waijaribu. Kaswende, iliyokuwa inaoza watu na kuwatia wazimu, kwa mara ya kwanza ilipata dawa iliyotengenezwa kwa kutafutwa hivyo, namba kwa namba. Lakini Salvarsan ilikuwa ngumu kuandaa, na waganga waliokosea waliwaumiza watu, wengine walikufa. Magazeti yakamshambulia, mengine kwa sababu ya dawa, mengine kwa sababu yeye ni Myahudi. Mwaka 1914 mmoja wa washitaki wake alifikishwa mahakamani Frankfurt na kufungwa mwaka mmoja. Ehrlich alitoka humo amechoka. Vita vikaanza. Alikufa kwa mshituko tarehe 20 Agosti 1915, huko Bad Homburg, akiwa na miaka 61, na akazikwa makaburi ya Wayahudi ya Frankfurt. Wanazi walipochukua nchi waliondoa jina lake barabarani. Hedwig alikimbia, akafa Marekani mwaka 1948. Baadaye kabisa Ujerumani ilitia uso wake kwenye noti ya marki 200.

Ila habari ya vipokezi na ugonjwa wa usingizi haikuishia kaburini.

Mwaka 1920 muganga wa Kimarekani, mwanamke, Louise Pearce, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na dawa mpya ya arseniki iitwayo tripasamidi. Iliingia mpaka ubongoni, mahali Atoxyl ilishindwa, na iliokoa watu wengi. Baadhi walipofuka. Mwaka 1949 ikaja melasoprolo, arseniki tena. Wagonjwa wetu wanaikumbuka kama moto ndani ya mshipa, na kati ya watu 100 waliochomwa, kama 5 waliuawa na dawa yenyewe, si na ugonjwa. Lakini hakukuwa na nyingine ya kufaa ubongo umeshaingiwa, na mwaka 1998, katikati ya vita, RDC ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000. Waganga waliendelea kuchoma melasoprolo wakijua hesabu hiyo.

Halafu ikaanza kushindwa. Mbuji-Mayi hasa, wagonjwa walimaliza sindano, wakarudi kijijini, na baada ya miezi usingizi ukarudi. Ni kama panya wa Frankfurt. Mwaka 2012 wanasayansi walikuta kwamba melasoprolo inaingia ndani ya tripanosoma kupitia tundu dogo kwenye ngozi yake, tundu ambalo kazi yake ya kawaida ni kupitisha maji na gliserini. Mdudu asiye na tundu hilo hadhuriki na dawa hiyo wala na pentamidini. Na mwaka 2013 walipochunguza tripanosoma waliotoka kwa wagonjwa wa Mbuji-Mayi, walikuta tundu hilo limebadilika. Mdudu alikuwa amechanganya vipande viwili vya urithi wake na kujifanyia mlango mwingine ambao dawa haipiti.

Ehrlich hakukosea, lakini hakupatia sawasawa. Alifikiri mahali pa kushikia dawa ni palepale inapoua. Kwa melasoprolo, mlango ni mmoja na mahali pa kuua ni pengine, ndani zaidi. Na leo tunajua pia kwamba vipokezi vya miili yetu si kufuli za chuma za kufungwa na kufunguliwa tu: kuna funguo zinazozungusha nusu, na kuna kufuli zinazochoka na kujificha zikiguswa kila siku, ndiyo maana anayevuta Ventoline mchana kutwa bila muganga kumfuata anaweza kuona inamsaidia kidogo kuliko zamani.

Kuhusu usingizi, tangu mwisho wa 2018 RDC ina dawa isiyo na arseniki, feksinidazolo, iliyojaribiwa kwa sehemu kubwa na wagonjwa na waganga wa Kikongo wenyewe. Wagonjwa wanaopatikana sasa duniani kote hawafiki elfu kwa mwaka. Ni vidonge. Vinamezwa siku 10, kila siku, na lazima baada ya chakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi ya kutosha kufika kwa mdudu.